Mkia wa Ndiyo

Uani kwa Rispa Nguma siku hizi kumenyamaza. Ukipita jioni njia ya Kisauni iendayo kanisani utasikia kinu kwa jirani, utasikia kuku wakigombea mahali pa kulala, lakini pale katikati, palipokuwa na sauti, pamebaki shimo. Mapenzi, jirani wa ua mmoja, ndiye anayelisikia shimo hilo kuliko wote. Kwa miaka alisonga sima yake kwa kufuata wanafunzi wa upande wa pili: go, went, gone, eat, ate, eaten, maneno yakizunguka, na mwiko nao ukizunguka. Kiingereza hajui hata kidogo. Mwanzoni alidhani ni sala ya dhehebu jipya, akawa anainamisha kichwa.

"Tangu waondoke," huwaambia watu kisimani, "sima yangu yatoka na madonge."

Waliokuwa wakisoma pale walikuwa watu wazima, au karibu na utu uzima: makuli wa bandarini, mpishi wa wazungu wa Nyali, wasichana wawili watatu waliomaliza shule ya misheni na kukwama hapo. Vita vilikuwa vimekwisha, askari wanarudi, na kila aliyerudi alikuja na habari za kazi iliyotaka Kiingereza. Basi walimjia Rispa, mjane aliyeishi kwa kushona makuti ya kuezekea nyumba, aliyewahi ujanani kufundisha watoto wadogo wa misheni. Kiti hakuwapa. Aliwakalisha chini kwenye rundo la majani ya mnazi, kila mtu akapewa ufito wake na uzi wa miyaa, na somo likaanza mikono ikiwa kazini. Alisema mtu mwenye mikono mitupu husikiliza kwa nusu sikio.

Siku ya kwanza Mbeyu alipofika, msichana wa Utange mwenye hamu ya kuwa muuguzi, alimkuta Kioko amesimamishwa. Kioko alikuwa Mkamba, fundi wa reli Changamwe, mrefu, mcheshi, na kila Jumamosi alivuka kisiwa kizima kuja kusoma.

"Sema tena," Rispa alikuwa akimwambia.

"My mother sick," Kioko akasema.

Rispa alichukua majani matatu ya mnazi, akayakunja na kuyapanga hewani bila ufito. Akayaachia. Yakaanguka magotini mwake.

"Wapi ufito?"

"Mwalimu, kwetu twasema 'mama mgonjwa,' na mama anapona vizuri tu!"

Watu wakacheka. Rispa hakucheka, lakini Mbeyu aliona shavu lake limetikisika.

"Kwetu majani yashikana yenyewe," akasema. "Kwa Mwingereza hayashikani. Ataka ufito kila mahali. Weka 'is' hapo katikati, mama asimame."

"My mother is sick," Kioko akasema, akainua ufito wake juu kama mshindi.

Mbeyu aliketi. Alikuwa amesoma sarufi kwa miaka kadhaa akiikariri kama majina ya wafalme wa Agano la Kale, asijue kwamba ni kitu kinachoweza kushikwa. Jioni ile alishona kuti lake la kwanza, likatoka limepinda, na kila jani alilolikunja juu ya ufito alilitamkia sentensi. Aliporudi Utange giza linaingia, alitazama mapaa ya nyumba zote njiani kama mtu anayeona maandishi kwa mara ya kwanza.

Hivyo ndivyo alivyosoma mwaka ule. Sarufi kwanza, na wakiisha kuchoka, hadithi. Kitabu kilikuwa kimoja, cha shule, kimenyonyoka jalada, na hadithi iliyowachosha zaidi ilikuwa fupi kuliko zote. Mfalme aliyezeeka anamwita mtumishi wake wa miaka mingi, anamuuliza: "Je, hukunipenda?" Mtumishi anamtazama tu. Mfalme anakufa. Chini yake palikuwa na swali: kwa nini mtumishi hakujibu?

"Aliogopa," akasema Kioko.

"Mfalme anakufa, Kioko. Aogope nini?"

"Basi alimchukia."

"Lete neno linaloonyesha chuki. Nionyeshe kwa kidole."

Kioko akapitisha kidole ukurasa mzima, akakirudisha mfukoni. Pascalia, msichana mwingine wa misheni, alisema huenda mtumishi alikuwa kiziwi, na hilo nalo likataka kidole. Rispa hakuwa mwalimu wa kukupa jibu. Alikuwa akisema swali la hadithi ni kama paa, ukitaka kujua limevuja wapi lazima ukae chini yake mvua inaponyesha. Mbeyu alikaa chini ya lile swali wiki nyingi.

Siku ya usaili ikafika. Hospitali kuu ya kisiwani ilikuwa ikichukua wasichana wachache wa kufunzwa uuguzi, na msimamizi wao alikuwa mzungu aitwaye Sista Margaret, mwanamke mwembamba mwenye miwani. Mbeyu alisoma kifungu bila kujikwaa. Alitaja nyakati za vitenzi, akazitaja zote. Akatoka akiwa mwepesi kama pamba.

Baada ya majuma machache karani wa hospitali alimpa habari dirishani, bila kuinua uso. Hakuchukuliwa.

"Kwa sababu gani, bwana?"

"Waogopa maiti. Umekiri mwenyewe."

Mbeyu hakumwelewa. Alipoelewa, alihisi ametukanwa. Hayawani gani huyu? Bibi yake alipofariki Utange, wanawake wazima walikuwa mbali shambani na mvua imefunga njia, na ni yeye, angali msichana mdogo, aliyemwosha, akamnyoosha vidole kimoja kimoja, akamfunga kitambaa kidevuni. Aliogopa nini?

Alikwenda Kisauni moja kwa moja. Rispa alikuwa peke yake uani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na uso wa matanga?"

"Wamenisingizia! Wanasema naogopa maiti. Wallahi sikusema, Mwalimu. Nilisema kinyume chake!"

"Usiape. Keti. Nipe maneno yake, kisha nipe yako. Usiongeze, usipunguze."

Mbeyu aliketi kwenye majani. Sista alikuwa ameuliza kwa Kiingereza: huogopi maiti?

"Nawe ukajibu?"

"Nikajibu 'yes.' Kwa moyo wote."

Sindano ya Rispa ilisimama nusu ya njia.

"Akakuuliza tena?"

"Akauliza, hutaona vibaya kumwosha? Nikasema 'yes, Sister,' kwa sauti zaidi, ajue nasema kweli."

Rispa aliweka kuti chini. Mbeyu alikuwa hajapata kumwona akiliweka kuti ambalo halijakwisha. Alimtazama mwalimu wake akitazama ukuta wa udongo, na kimya kikawa kirefu hata Mapenzi, upande wa pili, akasikika akimuuliza mtoto wake kuna nini leo kwa Rispa.

"Nilikufundisha ufito," Rispa akasema mwishowe. "Sikukufundisha hili. Nililiruka. Kila mwaka naliruka, maana siwezi kulifundisha bila kumtaja babangu."

Ndipo akasimulia.

Nguma, babake, alikuwa bawabu wa ghala la kopra, nazi kavu za kukamulia mafuta, kisiwani, zamani, Rispa akiwa bado shule. Kiingereza alikiokota mlangoni, neno hapa neno pale, na alikivaa kwa fahari kama kofia. Asubuhi moja magunia hayakuonekana. Wakamfikisha mbele ya mzungu wa kuhukumu, na mkalimani akaletwa. Nguma akamkataa mkalimani. Akasema yeye atajisemea mwenyewe. Wakamuuliza kwa Kiingereza: wewe hukufungua mlango usiku?

"Yes," akasema Nguma.

Maana hakuufungua. Mtu akikuuliza hukufungua, nawe hukufungua, utasema nini? Utamkubalia, kwa kuwa amesema kweli. Ndiyo, hukukosea, sikufungua. Hivyo ndivyo tunavyosema watu wa pwani, na watu wa bara vilevile: ndiyo yetu hulifuata neno la muulizaji. Yes ya Mwingereza haimfuati mtu. Hulifuata tendo lenyewe. Mlango uliofunguliwa una yes, usiofunguliwa una no, uulize utakavyouliza.

"Wakamuuliza mara ya pili," Rispa akasema, "akasema yes kwa sauti zaidi. Mtu mkweli akiulizwa tena huongeza sauti. Kama wewe."

Nguma alifungwa. Aliporudi hakumwambia mtu ndiyo tena, hata mkewe aliyemuuliza kama ameshiba. Alitikisa kichwa, au alisema lile neno zima: nimeshiba. Alikufa akiamini kwamba wazungu walikuwa wamekwisha kuamua kabla hajafungua kinywa. Rispa ndiye aliyelitambua kosa, miaka mingi baadaye, ubao uko mbele yake na chaki mkononi, akiwasahihisha watoto wa misheni. Mtoto mmoja alijibu yes mahali pa no, darasa likacheka, na yeye akaliona ghala, akamwona babake amesimama mbele ya meza ile na kofia yake ya Kiingereza. Aliacha ubao. Tangu siku ile hakuvuka daraja la Nyali kwenda kisiwani, wala hakumwambia mzungu neno la Kiingereza. Aliwafundisha wengine wakaseme.

Mbeyu alilitazama lile neno, ndiyo, alilolitumia tangu ajifunze kusema, analompa mama yake, analompa Mungu kila jioni, na akaliona lina kina kama kisima kilichokuwa nyuma ya nyumba siku zote bila kifuniko. Watu wangapi walikuwa wametumbukia humo? Mahakamani, bandarini, jikoni kwa wazungu, wangapi waliitikia kweli kwa moyo mmoja wakaandikwa waongo, na wenye kuwaandika nao wakalala usingizi wa haki, kwa kuwa wamesikia kwa masikio yao?

"Hospitali yaita wasichana tena mwakani," Rispa akasema, akaliokota kuti lake. "Nimesikia kwa Pascalia. Utakwenda."

"Watanikumbuka, Mwalimu."

"Wakukumbuke. Na kuanzia leo hutanijibu yes tupu wala no tupu. Kila moja utaifunga mkia. Yes, I am. No, I am not. Neno likikosa mkia, mtu mwingine atakufungia wake."

Mwaka ule wote uani kulikuwa na mchezo wa mikia. Rispa aliurusha ghafla, mtu yuko na uzi mdomoni.

"Kioko, hukula leo?"

"Yes!"

"Yes nini?"

"Yes... I did..." Kioko akajishika kichwa. "Mama wee! Nimekula, au sikula?"

"Mwenye tumbo ni wewe."

"No, I did not! Sikula! Na nikikaa hapa nitakufa na mkia wangu!"

Mapenzi, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya ua, akampitishia sahani ya mihogo.

Mbeyu hakucheka sana. Alijifunza kungoja. Swali likija, ndiyo ilimpanda kifuani yenyewe, kama kwikwi, naye akaishikilia hapo mpaka alione tendo lenyewe: lipo, au halipo? Kisha ndipo akafungua kinywa. Na katika kule kungoja, siku moja, ameshika jani la mnazi, alimwona mtumishi wa mfalme. Alimwona waziwazi, amesimama kando ya kitanda. Hakumwambia mtu.

Siku ya usaili wa pili Mbeyu alipitia Kisauni, akamkuta Rispa mlangoni kwake, amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani.

"Waenda wapi, Mwalimu?"

"Twende."

Walipofika darajani, lile daraja lililoelea juu ya maji na kuinuka kidogo chini ya miguu, Rispa alisimama. Mbeyu alisimama naye. Magari yalipita, watu wakapita na vikapu vyao. Rispa alimshika Mbeyu mkono, kwa nguvu, kama mtu anayevuka shimo juu ya gogo, na wakavuka hivyo mpaka upande wa pili.

Hospitalini Rispa aliketi kwenye benchi la nje. Mbeyu akaingia peke yake.

Sista Margaret alimtambua. Alimsomesha kifungu, akamuuliza vitenzi, kisha akaondoa miwani. "Kwa hiyo mwaka huu huogopi maiti?" akauliza kwa Kiingereza.

Ndiyo ikapanda. Mbeyu akaishikilia. Alimwona bibi yake kwenye mkeka, na vidole vile alivyovinyoosha.

"No, Sister," akasema. "I am not afraid."

"Mwaka jana ulisema waogopa. Umebadilika?"

"Hapana, sikubadilika. Mwaka jana pia sikuogopa. Nilikukubalia wewe, Sista, na wewe ukadhani nakubali hofu."

Mzungu alikunja uso. Hakuelewa, na Mbeyu aliona nafasi yake ikianza kufungwa tena kama mlango unaosukumwa na upepo. Ndipo akamsimulia hadithi ya mfalme na mtumishi. Kiingereza chake kilitetemeka lakini kila sentensi ilikuwa na ufito. Akasema: swali la kitabu lauliza kwa nini mtumishi hakujibu. Mimi nadhani alikuwa mtu wa lugha kama yetu. Mfalme alisema, hukunipenda? Akisema ndiyo, kwa lugha yake atakuwa amesema, kweli, sikukupenda. Akisema la, kwa lugha ya mfalme atakuwa amesema lilelile. Kila neno lililokuwa kinywani mwake lilikuwa na mauti ndani, kwake au kwa mfalme. Basi akamtazama tu, ili mfalme ayasome macho.

Nje ya dirisha alipita Ngowa, mfagizi wa hospitali, na ndoo mkononi. Sista akamwita kwa Kiswahili chake cha kizungu.

"Ngowa! Wewe hapana jaza mtungi?"

"Ndiyo, Sista!" Ngowa akaitikia, amesimama wima.

"Kwa hiyo mtungi imejaa?"

"La, Sista. Haujajaa. Si ndivyo nilivyokwambia?"

Ngowa akangoja, hakuambiwa neno, akaenda zake akinung'unika. Sista alikuwa amelitazama lile dirisha tupu. Mara mlango wa wadi kule ukumbini ukafunguka, sauti za wagonjwa zikaingia, wengi, wakiulizwa na kujibu, wakiulizwa na kujibu.

"Kila asubuhi," Sista akasema, karibu kwa kunong'ona, "nawauliza, huna maumivu?"

Hakumaliza. Mbeyu naye hakumsaidia kumaliza. Walisikiliza pamoja.

Kisha Sista akaandika jina la Mbeyu, akampa karatasi ya kuanza mafunzo mwezi uliofuata, na akauliza ni nani aliyemfundisha. Mbeyu akaonyesha mlango. Sista akainuka, akatoka mwenyewe mpaka kwenye benchi.

Rispa alisimama alipomwona. Mbeyu, nyuma yao, aliona kitambaa cheupe kikitetemeka.

"Wewe si mama yake?" Sista akauliza kwa Kiingereza.

Mbeyu alijua kilichokuwa kikipanda katika kifua kile, alijua kimengoja hapo tangu mlango wa ghala la kopra.

"No," akasema Rispa. Sauti yake ilikuwa ndogo, safi, kama ya mtoto wa shule aliyesimamishwa. Kisha akaufunga mkia, polepole, neno baada ya neno, asiache lolote lianguke: "I am not her mother. I am her teacher."

Walirudi Kisauni jua likiwa bado juu. Katikati ya daraja Rispa aliuachia mkono wa Mbeyu, akatembea mwenyewe.

Kabla ya mvua za masika kuanza, Ngowa alikuja na ujumbe wa Sista kumwita Rispa kazini hospitalini, na wanafunzi wa uani wakaambiwa watafute mwalimu mwingine. Kioko alichukua fito zilizobaki akazipeleka Changamwe, ati akazifundishe reli.

Rispa Nguma yuko hospitali kuu ya kisiwani, kwenye benchi la mlango wa wagonjwa wa nje, kila siku ya kazi tangu asubuhi, akiwauliza watu wanaumwa wapi.